Wengi Wape, na Wachache Je?

Kila unapofika wakati wa kuhesabu kura, methali inayotangulia midomoni mwa watu ni ile isemayo "Wengi wape". Huko Bungu, juu ya milima ya Usambara, methali hiyo husemwa kama isemwavyo Tanga mjini, na aghalabu husemwa kwa nia njema. Maana yake ni kwamba shauri likishaamuliwa na wengi, walioshindwa hawana budi kukubali, ili kazi za kijiji ziendelee, barabara itengenezwe na watoto wasome. Hatuna ugomvi na methali hiyo. Lakini ni vema tujiulize jambo ambalo methali yenyewe haikulitaja: wengi tukishawapa haki yao, wachache nao tuwape nini?

Swali hili si la mchezo. Tulipopiga kura tarehe 29 Oktoba, 2025, damu ya Watanzania ilimwagika, na wakazi wa Dar es Salaam wakawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Mshindi wa Urais alitangazwa kwa zaidi ya asilimia 97 ya kura, katika uchaguzi ambao chama kikuu cha upinzani hakikuwa na mgombea. Hatukusudii katika safu hii kuhukumu yaliyotokea siku zile. Tunalokusudia ni kumkumbusha msomaji kwamba asilimia inayokaribiana sana na hiyo ilipata kutangazwa katika nchi yetu zaidi ya miaka 60 iliyopita, na kwamba kuzilinganisha hesabu hizo mbili ni darasa kwa mkubwa na mdogo.

Uchaguzi wa kwanza wa Rais katika Tanganyika ulifanyika Novemba 1962, mwezi mmoja na siku kadhaa kabla nchi haijawa Jamhuri tarehe 9 Desemba mwaka huo. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Mwalimu Julius Nyerere wa TANU, ambaye jina lake halikuwa na haja ya kuelezwa kwa mtu yeyote, awe wa bondeni au wa mlimani. Wa pili alikuwa Bwana Zuberi Mtemvu wa chama cha African National Congress. Kura zilipohesabiwa, Mwalimu alikuwa na kura 1,127,978, na Bwana Mtemvu kura 21,276. Kwa hesabu ya kawaida, katika kila kura 100, 98 zilikuwa za Mwalimu, na zisizotimia mbili zilikuwa za mpinzani wake.

Aliyesikia hesabu hiyo wakati ule huenda alicheka. Kura 21,276 mbele ya zaidi ya milioni moja ni kama kijito cha kiangazi mbele ya mto Pangani. Hata hivyo kuna mambo mawili yanayofaa kutazamwa. La kwanza, jina la Mtemvu lilikuwamo katika uchaguzi. Aliyemtaka Mwalimu alimchagua huku akijua kwamba angeweza kumchagua mwingine, na kwa sababu hiyo asilimia 98 ya mwaka 1962 ilikuwa na uzito wa kweli. La pili, kura za Mtemvu zilihesabiwa na kutangazwa hadi ya mwisho. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa ni chache, haina haja kuzitaja. Zimebaki katika kumbukumbu za taifa, tarakimu kwa tarakimu, kando ya kura za Baba wa Taifa.

Bwana Mtemvu alifikaje kuwa mpinzani? Yeye mwenyewe alikuwa mwana TANU. Mwezi Januari 1958 chama hicho kilikutana Tabora kujadili uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka sharti ambalo wazee wetu waliliita la kura tatu: kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iharibike. Juu ya hayo, aliyeruhusiwa kujiandikisha alipaswa kutimiza masharti ya kipato, elimu au kazi maalumu. Wengi waliona sharti la kura tatu ni tusi. Mwalimu aliwashawishi wajumbe walikubali ili chama kiingie katika uchaguzi na kushinda kutokea ndani. Mtemvu hakukubali, alitoka, akaunda chama chake. Historia ilimpa Mwalimu haki katika shauri lile, kwani TANU ilishinda. Lakini hoja ya Mtemvu, kwamba mtu asikubali kupimwa kwa rangi katika nchi yake mwenyewe, haikuwa hoja ya mwendawazimu.

Jimbo la Tanga, ambalo milima ya Usambara ilikuwa sehemu yake, lilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyotangulia kupiga kura hiyo, Septemba 1958. Hebu msomaji amfikirie mkulima wa Bungu wakati huo, mwenye migomba yake, mahindi yake na maharage yake mteremkoni. Kipato chake hakikufikia kiwango, shule hakuifikia ya kutosha, wala hakuwa na cheo. Kwake yeye uchaguzi ulikuwa habari ya kusikia kwa mwalimu wa shule au karani.

Mwaka 1960 masharti yalilegezwa, na watu wengi zaidi wakajiandikisha, wapatao 885,000 nchi nzima. Lakini hapo pakatokea jambo jingine. Viti vilivyogombewa vilikuwa 71, na katika viti 58 mgombea wa TANU hakupata mpinzani. Akapita bila kupingwa. Kura zilipigwa katika majimbo 13 tu, na waliopiga walikuwa 121,445. Yaani katika kila watu saba waliojiandikisha, sita hawakupiga kura, na wengi wao si kwa uvivu: sehemu zao hazikuwa na uchaguzi. TANU ilipata viti 70; kimoja, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt aliyesimama peke yake dhidi ya mgombea rasmi wa chama. Kwa hiyo ilipofika Novemba 1962, na haki ya kupiga kura ikawa ya kila raia mtu mzima bila kuulizwa mshahara wala darasa, ndipo mkulima wetu wa mlimani alipoweza kwa mara ya kwanza kuchagua kiongozi wa nchi yake. Tuliitazame tendo hilo kwa heshima linayostahili. Mtu ambaye miaka minne kabla hakuhesabiwa, sasa alihesabiwa sawasawa na mwanasheria wa mjini.

Tena tusidhani kwamba watu wa Usambara walijifunza kusema "hapana" siku ile walipopewa karatasi ya kura. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika milima hii, ukianzia Mlalo mwaka 1946 na baadaye kuenea Usambara kwa jumla. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta katika mashamba yao ya mteremkoni, na aliyekataa alipelekwa barazani, akatozwa faini. Shabaha ya kuhifadhi udongo ilikuwa njema, na hata leo hakuna mkulima wa mlimani asiyejua hasara ya mmomonyoko. Lakini wananchi hawakuulizwa. Kazi ilikuwa nzito, sehemu kubwa yake ikiwaangukia wanawake, na watawala wa jadi wa ukoo wa Wakilindi, waliotakiwa kuisimamia amri hiyo, walijikuta wakichukiwa na watu wao. Hapakuwa na sanduku la kura la kutilia neno "hapana". Kwa hiyo neno hilo likasemwa kwa jembe lililolazwa chini, kwa mikutano ya usiku na kwa manung'uniko yaliyofika Vuga. Kabla ya Uhuru mpango ule ulikwisha kuachwa.

Hilo ndilo funzo la milima yetu, nasi twalisema waziwazi: "hapana" isiyopewa mahali pa kusemwa haifi. Hutafuta njia nyingine, na njia hiyo nyingine mara nyingi huwa na gharama kubwa kuliko kura.

Wenzetu wa nchi nyingine nao walipitia darasa hili mapema. Mwaka 1820 Wamarekani walimchagua Rais wao kwa mara ya tisa. Rais James Monroe alikuwa akigombea tena, na chama kilichokuwa kikimpinga kilikuwa kimekwisha nguvu hata hakikuweka mgombea wake. Kwa desturi ya nchi hiyo, kila jimbo huteua wajumbe ambao ndio wanaopiga kura ya mwisho ya Rais. Jimbo dogo la kaskazini liitwalo New Hampshire lilikuwa na wajumbe wanane. Saba walimpa kura Monroe. Wa nane, mzee William Plumer aliyepata kuwa Gavana wa jimbo hilo, alimpa John Quincy Adams, ambaye hata hakuwa ameomba. Nchi nzima, Monroe alipata kura 231, na Adams kura moja, hiyo ya Plumer.

Baadaye ikazuka hadithi tamu kwamba Plumer alifanya vile ili Rais wa kwanza, George Washington, abaki peke yake na sifa ya kuchaguliwa kwa kura zote. Hadithi hiyo hupendwa kwa sababu inaifanya kura ya upinzani ionekane kuwa heshima kwa mkubwa mwingine. Ukweli ni mwepesi zaidi, na una faida zaidi: Plumer hakuridhika na utawala wa Monroe, hasa matumizi ya fedha za umma, akaona hawezi kumpigia kura mtu ambaye kazi yake haikumridhisha. Akasema hivyo kwa kura yake. Jimbo lake halikumfukuza, wala kura yake haikufutwa ili hesabu ipendeze. Miaka minne baadaye, uchaguzi uliofuata ulikuwa na wagombea wanne wenye nguvu, na aliyeupata Urais ni yule yule John Quincy Adams. Hatusemi kwamba Marekani ya siku zile ilikuwa kielelezo cha haki. Zaidi ya watu milioni moja wenye asili ya Afrika walikuwa watumwa huko, na wanawake hawakuwa na kura. Tunasema tu kwamba kura moja kati ya 232 iliandikwa, na mpaka leo inasomwa.

Kwetu sisi mambo yalichukua njia nyingine. Januari 1963, miezi michache baada ya kura za Mtemvu kuhesabiwa, Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kwamba nchi iwe ya chama kimoja, na mwaka 1965 uamuzi huo ukawa sheria. Watetezi wake walikuwa na hoja iliyotokana na mambo tuliyokwisha kuyataja: kama katika sehemu nyingi mgombea wa TANU hupita bila kupingwa, basi wananchi hawapati nafasi ya kuchagua, na afadhali wachague kati ya wana TANU wawili. Ndipo ukaja uchaguzi wa Septemba 1965, wenye alama za jembe na nyumba, ambamo hata waziri wa heshima kama Bwana Paul Bomani alishindwa. Kwa upande wa Urais, jina lilikuwa moja, lakini karatasi ilikuwa na "ndiyo" na "hapana", na wananchi zaidi ya 90,000 wakasema "hapana". Kura hizo nazo zilitangazwa. Hata hivyo, watu hao hawakuwa na chama cha kuwasemea, na hawakuwa nacho kwa miaka 27 iliyofuata.

Aliyewafungulia mlango, ajabu ni kwamba, hakuwa wingi. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi kama wanataka mfumo wa chama kimoja uendelee. Takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka uendelee; asilimia 20 walitaka vyama vingi. Kwa kipimo cha "wengi wape", shauri lilikuwa limekwisha. Lakini Tume ilipendekeza vyama vingi, ikiona kwamba asilimia 20 ya watu ni wengi mno kunyamazishwa, na kwamba wale asilimia 80 hawapotezi chama chao kwa wenzao kupewa chao. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa, na mwaka 1995 Rais Benjamin Mkapa akashinda kwa kura zipatazo asilimia 62, wapinzani wake wakigawana zilizobaki. Nchi haikuvunjika. Tunaamini uamuzi ule ni mmojawapo wa maamuzi ya hekima kubwa katika historia yetu, kwa sababu ulitambua kuwa wachache si deni la wengi, ni sehemu ya taifa.

Sasa turudi Bungu. Siku hizi kura huhesabiwa kituoni pale pale zilipopigwa, na matokeo hubandikwa ukutani kila mtu ayasome. Utaratibu huu ni mzuri, maana huzuia hesabu kugeuka njiani. Lakini una hatari yake katika vijiji vya milimani, ambako kituo kimoja kina watu wachache wanaojuana kwa majina na koo. Ikibandikwa kwamba upande mmoja umepata kura 300 na wa pili kura nne, ndimi huanza kazi. Nani wale wanne? Yule fundi aliyegombana na mwenyekiti? Yule mjane asiyekuja kwenye mikutano? Hapo ndipo siri ya kura inapoibwa bila mtu kufungua sanduku. Aliyedhaniwa, hata kama hakuhusika, huanza kutazamwa kwa jicho la pembeni kilabuni na kisimani. Na kijiji kikifika hapo, uchaguzi unaofuata wale wanne hawatakuwapo. Si kwamba wamebadili nia, wamenyamaza. Matokeo yatasomeka 304 kwa sifuri, na viongozi watafurahi kwa hesabu isiyowaambia chochote.

Kwa hiyo tunawasihi wenyeviti wa vijiji, watendaji wa kata na wazee wa dini wa milima yote ya Usambara wakemee udadisi huo tangu siku ya kwanza. Mwananchi anapokuja ofisini kuomba barua ya utambulisho, mbolea ya ruzuku au nafasi ya mtoto wake, asiulizwe wala asidhaniwe alipigia nani. Huduma hizo hulipwa kwa kodi ya wote, na mtoza ushuru wa soko hajapata kumwuliza mama muuza ndizi kama yeye ni wa upande ulioshinda.

Tunawasihi pia wasimamizi wa uchaguzi, wa ngazi zote, waogope hesabu ya bila kupingwa kama mkulima aogopavyo shamba lenye mmea wa aina moja. Mgombea akikosea herufi katika fomu, aonyeshwe kosa alisahihishe. Asiondolewe kwa kalamu kabla wananchi hawajamwondoa kwa kura. Kiongozi anayependwa kweli hana hasara kwa kuwa na mpinzani. Mwalimu hakupungukiwa na kitu kwa kura 21,276 za Mtemvu. Zilimthibitishia kwamba zile zake 1,127,978 zilitoka moyoni.

Mwisho, tunawasihi walimu wa shule zetu. Wanapofundisha habari za Novemba 1962, wasiishie kuwaambia watoto kwamba Mwalimu alishinda. Waandike ubaoni hesabu zote mbili, ya juu na ya chini, na wawaambie watoto kwamba wote waliopiga kura zile walikuwa raia wa Tanganyika, na kwamba kesho yake wote waliamkia shambani katika nchi ile ile. Mtoto atakayeielewa hesabu ya chini hatamzomea mwenzake siku atakapokuwa mkubwa.

Wengi wape, ndiyo. Na wachache tuwape jina katika karatasi ya kura, tuwahesabu mpaka wa mwisho, kisha tuwaamkie asubuhi kama jirani zetu walivyo.